Habari za Wasimamizi wa Michezo ya Shule na Vyama Vyao

Huku kwetu Bihambwe kiwanja cha mpira ni malisho ya ng'ombe. Asubuhi ya siku ya mchezo watoto huondoa mavi ya ng'ombe kwa majembe, mistari huchorwa kwa majivu, na mpira ukitoka upande wa chini sharti mtoto mmoja ateremke mpaka bondeni kuutafuta. Twasema hayo bila haya, maana kiwanja hicho kimewaona wachezaji hodari. Lakini mwaka mmoja, si zamani sana, shule mbili za jirani zilikutana hapo, na kabla ya nusu ya mchezo ugomvi ukazuka. Walimu wa shule moja walisema: "Kijana yule mwenye namba tisa si mwanafunzi wenu. Tunamjua, anachimba mawe Rubaya." Direkta wa shule ya pili akajibu kwamba jina lake limo daftarini. Daftari likaletwa. Kweli jina lilikuwamo, ila wino wake ulikuwa mpya kuliko wino wa majina mengine yote.

Sasa nani wa kuamua? Mwenye firimbi alikuwa mwalimu wa shule moja, na mwenye daftari alikuwa direkta wa shule ya pili. Tukaitwa sisi katekista, kwa kuwa hatukuwa wa upande wowote, nasi tukashindwa, maana hatukuwa na sheria yoyote ya kushika mkononi. Mchezo ukavunjika. Wazazi walirudi nyumbani wakitupiana maneno, na kwa muda wa miezi mingi shule zile mbili hazikualikana tena.

Tangu siku ile swali moja limetusumbua: wenzetu waliotutangulia kucheza walitokaje katika shida hii? Tumesoma, tumeulizana na walimu, na haya ndiyo tuliyoyakusanya. Msomaji asitafute hapa majina ya wafungaji wa mabao. Hao husifiwa kila siku. Sisi twataka kueleza habari za watu wasiovaa jezi, yaani wasimamizi wa michezo ya shule na vyuo, na vyama walivyovianzisha ili mtu asiwe hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Tuanze mbali, Marekani, kwa sababu huko mambo yaliandikwa vizuri, na ugomvi wao ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Mwaka 1852 wanafunzi wa vyuo vikuu viwili, Harvard na Yale, walishindana kupiga makasia ziwani. Mwaka 1869 wale wa Rutgers na wale wa Princeton walicheza mpira. Siku zile hapakuwa na msimamizi. Wanafunzi wenyewe walipanga siku, walichanga fedha na kuchagua nahodha. Walimu walitazama kwa mbali. Kisha watu wakaanza kulipa ili watazame, fedha zikaingia, na pamoja na fedha ukaingia udanganyifu. Wakatokea vijana wenye nguvu waliohama kutoka chuo hiki kwenda chuo kile, leo huku, kesho kule, wala hawakuonekana darasani. Kumbe yule namba tisa wetu ana babu zake Marekani!

Mpira wao si kama wetu. Ni mchezo wa kushika kwa mikono na kugongana kifua kwa kifua. Katika mwaka 1905 peke yake watu 18 walikufa kwa ajili yake. Rais wa nchi, Theodore Roosevelt, aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton, akawaambia wausafishe mchezo huo. Mwaka uliofuata, 1906, vyuo 62 viliungana katika chama kimoja, ambacho tangu mwaka 1910 kinaitwa NCAA. Hicho kikaandika sheria: nani ahesabiwe kuwa mwanafunzi, nani asihesabiwe, na mchezo uchezwe namna gani.

Ila walioviwakilisha vyuo katika chama hicho siku za mwanzo walikuwa hasa maprofesa. Kazi ya msimamizi wa michezo, yaani mtu aliyeajiriwa na chuo kuangalia viwanja, walimu wa mchezo, safari na fedha, ilikuwa bado changa. Na tazama walikotoka baadhi ya wasimamizi wa kwanza. Amos Alonzo Stagg alikuwa akisoma teolojia huko Yale ili awe mchungaji. Akaona hana kipaji cha kuhubiri, na mwaka 1892 akaajiriwa na chuo kikuu kipya cha Chicago kuwa mkuu wa mazoezi na michezo, akakaa hapo mpaka 1932. James Naismith, Mkanada, naye alisoma teolojia mjini Montreal. Mwezi wa Desemba 1891, huko Springfield, alibuni mchezo wa basketi, kwa sababu vijana walichoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Mwaka 1898 chuo kikuu cha Kansas kilimwita aongoze sala na mazoezi ya viungo, mambo mawili kwa mtu mmoja. Hao walikuwa Waprotestanti, lakini sisi tuliopita seminarini bila kufika altareni twawaelewa vizuri sana.

Basi wasimamizi hao wakaongezeka, kila chuo na wake, na kila mmoja alikuwa peke yake. Juu yake alikuwa na mkuu wa chuo, chini yake walimu wa mchezo, na pembeni wanafunzi wa zamani wenye fedha waliotaka ushindi kila wiki. Akitaka shauri, amwendee nani? Mwenzake wa chuo cha jirani ni mpinzani wake. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1965, ndipo walipoanzisha chama chao wenyewe, chama cha taifa cha wasimamizi wa michezo ya vyuo, kinachoitwa kwa kifupi NACDA. Rais wake wa kwanza alikuwa James Corbett, msimamizi wa michezo wa chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mwandishi mkuu, aliyekiendesha tangu kuanzishwa, alikuwa Mike Cleary, naye hakuiacha kazi hiyo mpaka mwaka 2011. Kiliwakusanya wasimamizi wa vyuo vikubwa na vidogo, hata wale ambao vyuo vyao vilikuwa katika mashirikisho mbalimbali.

Jambo hili latufaa tulishike. Chama cha mwaka 1906 ndicho chenye sheria na adhabu. Chama cha mwaka 1965 hakihukumu mtu. Kazi yake ni kuwakutanisha wasimamizi kila mwaka, kuwafundisha wapya na kushauriana. Wamarekani waliona kwamba hayo ni mahitaji mawili, hayapasi kuchanganywa. Wanawake walichelewa kupata nafasi yao. Baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza shule zinazosaidiwa na serikali kuwabagua wasichana, michezo yao ilikua haraka, na mwaka 1979 wanawake wanaosimamia michezo ya vyuo wakaanza chama chao wenyewe. Mtu aweza kuuliza kama ulikuwa umoja au utengano. Sisi twadhani walijifunza kutoka kwa waume zao: asiyekaribishwa mezani huchonga meza yake.

Lakini kwa nini tukawie ng'ambo? Hapa Kongo chama cha michezo kilitoka shuleni miaka 46 kabla ya kile cha wasimamizi wa Marekani, tena kwa mikono ya padri.

Padri huyo alikuwa Raphaël de la Kethulle de Ryhove, wa shirika la Scheut, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1890 katika jamaa ya makabaila karibu na mji wa Bruges. Alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1917. Mji ule haukuwa bado makao makuu ya koloni. Serikali ilikaa Boma mpaka mwaka 1929. Ulikuwa mji wa bandari ya mto, wa reli na wa kambi za wafanyakazi, wanaume waliotoka mbali bila wake zao. Padri Raphaël alipewa kazi ya kufundisha. Aliona wanafunzi wake wakimaliza masomo na kutawanyika katika mji ambao haukuwa na kitu cha kumpa kijana jioni ila pombe. Basi mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo, Association Sportive Congolaise, ambacho baadaye kiliongezewa neno "Royale", yaani cha kifalme.

Tusidhani kwamba kilikuwa timu moja ya shule. Kilikuwa chama cha kukusanya timu, kuzipanga katika madaraja, kuweka siku za michezo na kutoa waamuzi. Vijana waliotoka darasani wakaenda kuwa makarani na mafundi waliendelea kucheza katika vilabu vilivyokuwa chini ya chama hicho. Mwaka 1925 Padri akaanzisha na chama cha wanafunzi wa zamani wa Mapadri wa Scheut, ADAPES. Mwaka 1936 alianzisha klabu ya Daring, ambayo leo inajulikana kwa jina la Motema Pembe, nayo mwaka 1994 ilileta nyumbani Kombe la Afrika la washindi wa makombe. Mwaka 1937 ulifunguliwa uwanja wa Malkia Astrid, na mwaka 1952 uwanja mkubwa wa Mfalme Baudouin, wa kuingiza watazamaji maelfu kwa makumi. Watu wa Léopoldville walimwita Tata Raphaël. Tata kwa Kilingala ni baba.

Twakiri kwamba tukisoma habari hizo twamwonea wivu. Sisi huku twahangaika miezi mitatu kupata mpira mmoja wa ngozi, naye alijenga viwanja ambavyo hata Ulaya wangejivunia. Lakini katekista anayeandika historia hana ruhusa ya kuandika litania tu. Tata Raphaël alikuwa mwalimu, mwanzilishi wa chama, mwombaji wa fedha kwa serikali na makampuni, na mjenzi. Kila mlango ulipita kwake. Vilabu vilikuwa na viongozi Wakongo, ndiyo. Lakini chama chenyewe kilikaa mkononi mwa Wazungu, na Wazungu wa mji walicheza katika ligi yao wenyewe mbali na Weusi. Tena hatuwezi kuficha kwamba serikali ya koloni ilipenda mpira kwa sababu zake. Vyama vya siasa havikuruhusiwa. Kijana aliyekimbia uwanjani Jumapili alasiri hakuonekana kuwa hatari.

Ng'ambo ya mto, Brazzaville, kwa Wafaransa, mambo ya namna hiyo yalilipuka mapema, tena kwa ajili ya viatu. Mwaka 1936 wasimamizi Wazungu wa michezo waliwakataza wachezaji Weusi kuvaa viatu vya mpira, wakisema wacheze miguu mitupu. Wachezaji hao walikuwa makarani na mafundi, watu waliokwenda kazini wamevaa viatu na suruali zilizopigwa pasi. Wengi walikataa. Wakakimbilia misioni ya Wakatoliki, nao Mapadri wakawapokea na michezo yao. Msomaji acheke akipenda, lakini amri ile haikuhusu ngozi ya ng'ombe. Ilihusu nani mwenye haki ya kumwambia mchezaji yeye ni mtu wa namna gani.

Huko Katanga Wabenediktini walifika kwenye mpira kwa njia nyingine, na habari yao yatupendeza kwa sababu zetu wenyewe. Walikuwa na shule mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, iitwayo Mtakatifu Bonifasi. Baadhi ya wanafunzi walielekea upadri, wengine hawakuelekea. Mwaka 1939 watawa wakaona kwamba hao wengine wanahitaji shughuli yao, wakawaanzishia timu ya mpira, wakaiweka chini ya jina la Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Timu hiyo iliingia mara moja katika daraja la kwanza la shirikisho la mji, na mwaka wake wa kwanza ikamaliza ya tatu. Baada ya miaka michache jina likawa Mtakatifu Paulo, kisha watawa wakaiacha mikononi mwa wengine, nayo ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari. Leo dunia yote yaijua kwa jina la TP Mazembe. Imetwaa kombe kubwa la vilabu vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mti huo ulipandwa kwa ajili ya vijana ambao hawakuwa na wito! Tulipomsomea habari hii padri mmoja aliyetufundisha zamani, alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama tungali twakumbuka Kilatini chetu.

Lakini tazameni tofauti. Wabenediktini waliachilia, na timu ikaishi. Léopoldville chama kilikuwa kikubwa mno, na mwenyewe hakukiachilia mpaka kifo. Padri Raphaël alifariki mwaka 1956. Miezi kumi na miwili baadaye chama kikapata mtihani wake bila yeye.

Jumapili tarehe 16 Juni 1957 timu ya Ubelgiji, Union Saint-Gilloise, ilicheza na wachezaji bora wa Léopoldville katika uwanja wa Mfalme Baudouin. Mwamuzi alikuwa Mzungu. Alikataa mabao ya Wakongo, akisema wameotea, na umati ukasadiki kwamba anawapendelea ndugu zake. Wabelgiji wakashinda. Watu walipotoka walipiga mawe magari ya Wazungu, na majeruhi wakawa wengi. Hatujui kama mwamuzi alikosea. Kuotea ni jambo la nukta moja, na jicho la binadamu si mashine. Tunachojua ni kwamba siku ile hapakuwa na mtu mmoja ambaye pande zote mbili zingekubali neno lake. Wakongo walikuwa wamecheza katika chama kile kwa muda wa miaka 38. Ni nani kati yao aliyekuwa amefundishwa na kuaminiwa kushika firimbi katika mchezo mkubwa kama ule? Kama angekuwapo Mkongo mmoja mwenye heshima hiyo, akakataa mabao yale yale, watu wangenung'unika, wangerudi nyumbani.

Haukupita mwaka wa pili. Tarehe 4 Januari 1959, Jumapili tena, wafuasi wa ABAKO walikusanyika ili wamsikilize Joseph Kasa-Vubu, na serikali ikawa imezuia mkutano. Saa ile ile, katika uwanja wa Mfalme Baudouin, V. Club ilikuwa imefungwa na Mikado. Maelfu ya washabiki wenye hasira walitoka uwanjani wakakutana na maelfu waliokatazwa kusikiliza. Mji uliwaka kwa siku kadhaa. Serikali ilitaja wafu karibu 50. Wenyeji walisema ni wengi zaidi sana. Tarehe 13 Januari Mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itapata uhuru. Baadhi ya watu hupenda kusema kwamba mpira ulileta uhuru. Hiyo ni kutia chumvi. Ila ni kweli kwamba katika mji ule umati mkubwa uliozoea kukusanyika ulikuwa ule wa kanisani na ule wa uwanjani, na huu wa uwanjani haukuwa na viongozi wake wa kuutuliza.

Sharti tutoe haki kwa upande wa pili. Vilabu na vyama vya wanafunzi wa zamani viliwafundisha Wakongo mambo ambayo darasa halikufundisha: kuchagua rais na mwandishi, kuweka daftari la mikutano, kukusanya michango na kuonyesha hesabu, kushindwa katika kura bila kupigana. Jean Bolikango, mwalimu wa shule ya Mtakatifu Yosefu ya Léopoldville, alikuwa rais wa ADAPES. Mwaka 1960 yeye ndiye aliyeshindana na Kasa-Vubu mbele ya wabunge kutafuta urais wa nchi, akashindwa. Watu wa namna hiyo hawakuanguka kutoka mbinguni. Basi Tata Raphaël alifundisha uongozi kila mahali, ila katika chama chake kikuu. Hilo ndilo neno letu juu yake, na twalisema kwa heshima, kwa kuwa twajua ugumu wa kumwachia mwingine kazi uliyoianza kwa jasho lako.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Shirikisho la mpira la Kongo hata leo huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1919, mwaka wa chama cha Padri. Mwaka 1968 timu ya taifa ilishinda Kombe la Afrika huko Addis Ababa, na mwaka 1974 ikashinda tena huko Cairo, Ndaye Mulamba akifunga mabao tisa. Mwaka huo huo ilikwenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko, ikafungwa na Scotland, Yugoslavia na Brazili, ile ya Yugoslavia kwa mabao tisa kwa sifuri. Wachezaji walieleza baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia. Msimamizi mmoja wa padri alikuwa ameondoka, akaja msimamizi mmoja wa serikali, na mchezaji bado hakuwa na mahali pa kupeleka mashitaka yake. Uwanja wa Mfalme Baudouin ulibadilishwa jina ukawa wa Ishirini Mei. Ndipo Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Ule wa Malkia Astrid sasa ni uwanja wa Kardinali Malula. Na baada ya utawala wa Mobutu kuanguka mwaka 1997, uwanja mkubwa ukapewa jina la Tata Raphaël.

Sasa turudi kwetu mlimani. Baada ya kuyasoma hayo tuliwaandikia wakuu wa shule tano za jirani, maprefe na madirekta, tuwaombe tukutane. Mkutano uliahirishwa mara mbili, maana njia ya kwenda Sake ilikuwa na bunduki, na mmoja wao alikuwa na wakimbizi wanaolala madarasani. Mara ya tatu walifika wote, wawili kwa miguu, wengine kwa pikipiki, na mwenye umri mkubwa kati yao alifika wa kwanza. Tulikaa nyuma ya kanisa. Tulileta karatasi yenye maneno manne tu. La kwanza, kila shule itoe orodha ya wachezaji mwanzoni mwa mwaka, na nakala ikae kwa shule nyingine. La pili, mwamuzi asiwe wa shule yoyote inayocheza siku hiyo. La tatu, kila shule itoe vijana wawili, mvulana na msichana, wafundishwe kazi ya uamuzi. La nne, shule ikishitakiwa, wahukumu wale wengine wanne, na mwenye shule akubali.

Matatu ya kwanza yalipita kabla chai haijapoa. Juu ya msichana palikuwa na kicheko kidogo, kisha mke wa direkta mmoja, aliyekuwa akitugawia viazi, akauliza kama macho ya msichana hayaoni mstari wa majivu. Likapita nalo. La nne lilitukalisha mpaka jua likaelekea kuzama. "Mwalimu," alituambia prefe mmoja, "mimi nina wazazi juu yangu, nina padri, nina serikali, nina wenye silaha. Sasa unaniongezea na hawa?" Tulimjibu kwamba hawa tu ndio walio na shida kama zake. Tukamweleza habari ya Wamarekani, jinsi kila msimamizi alivyokuwa peke yake kati ya wakubwa na wadogo, na kwamba baraza la kushauriana laweza kuwa kitu kimoja na baraza la kuhukumu kitu kingine. Alisema hilo la kushauriana analipenda.

Mzee kuliko wote hakusema neno muda mrefu. Mwishoni aliomba kalamu. Alisema kwamba jina la yule namba tisa aliliandika yeye kwa mkono wake, kwa sababu kijana alimwomba nafasi ya kurudi darasani, naye alitumaini kwamba akicheza siku ile angevutwa arudi. Kijana hakurudi. Akatia sahihi. Wawili wakamfuata, wa nne akatia sahihi yake kwa penseli, na yule prefe akasema atafikiri. Daftari linakaa kwetu, katika kabati la vitabu vya katekisimu, na orodha za shule nne zimekwisha kuletwa.